Kikombe cha Ukwaju

Msinidai nuru. Mimi sikuona nuru.
Niliona karai.
Karai la plastiki, la kijani, limepasuka ukingo,
Mghoi kalishika kitandani usiku wangu wa tatu bila tone,
nami natapika nyongo
na kumwita kwa jina la marehemu mama.
Hakunisahihisha.
Aliitika.

Kabla ya hapo, waulizeni wa kwa Mbeyu, nyuma ya reli:
nani alikuwa na mrija wake mwenyewe wa mnazi,
ncha kaifunga kitambaa asimeze nyuki?
Mimi, Mwandoe, fundi wa kuchomelea,
niliyeunga mageti ya nusu ya Magongo
na langu nikaliuza kwa wa vyuma chakavu.
Mshahara wangu uliingia Ijumaa kama mpita njia,
haukulala.
Mwanangu alijua kusoma nyayo kabla hajajua kusoma kitabu:
zikija sawasawa, alifungua mlango;
zikiburura, alizima taa.

Kisha kanisa. Kanisa ni neno kubwa:
mabati, viti vya kukodi,
na malori ya bandarini yanayopita yakimeza nusu ya kila sala,
hivi kwamba "utusamehe" tunaisikia
na "makosa yetu" inakwenda na kontena.
Niliitwa kuchomelea dirisha.
Nikamaliza dirisha. Nikakaa.
Sijui kueleza zaidi ya hapo. Kiu ilikuwapo,
ila kwa mara ya kwanza haikuwa peke yake mle kifuani.

Lakini ninayotaka kuisema ni Jumapili ya Meza ya Bwana.
Trei inakuja, vikombe vidogo kama vifuniko vya dawa ya kikohozi,
na kabla ya macho, pua imeshajua.
Divai.
Tone tu; lakini harufu haipimwi kwa tone.
Mwili mzima ukasimama
kama mbwa aliyeitwa kwa jina lake la zamani.
"Damu ya Kristo," alisema mchungaji.
Nikamkabidhi jirani trei, nikatoka, najifanya nina mafua,
nikasimama kando ya barabara, vumbi la malori usoni,
nikiuliza ni Mungu gani huyu
anayenivuta kwa mkono huu
na kwa mkono ule ananishikisha glasi.

Sikumwambia mtu.
Mama Wakesho, mzee wa kanisa, alikuwa ameketi nyuma yangu.
Alitazama kiti changu kitupu, akatazama mlango.
Basi.

Mwezi ukaisha. Trei ikaja tena.
Nilikuwa nimekaza meno, nimeshika kiti cha mbele
kama abiria asiyemwamini dereva.
Nikavuta pumzi,
na kilichoingia kilikuwa sokoni,
kilikuwa Ramadhani, magharibi, majagi yamefunikwa visahani.
Ukwaju.
Ukwaju wa Bi Mwanakombo wa duka la kona,
aliyeukamua kwa mikono yake, akauchuja kwa kitambaa cheupe,
alipoambiwa tu kwamba ni wa ibada.
Hata bei hakutaja.
Safu nzima ikanywa. Mchungaji akanywa.
Shemasi Mwadime, aliyeipenda divai yake,
akakunja uso, akanywa.
Hapakutolewa tangazo.
Watu arobaini na watatu waliacha kitu
ili mmoja asisimame barabarani.

Ulikuwa mchachu. Nadhani sukari ilisahauliwa.
Ulinishika nyuma ya taya, pale kilio kinapoanzia,
na sikutoka nje.

Mkono umetulia sasa, isipokuwa kidole kidogo.
Hicho nimekiachia. Kinanikumbusha njia ya kwa Mbeyu,
nisije nikajidai siijui.

Jana nilichelewa kazini, goti limevimba,
mashine ya kuchomelea begani, naburura mguu.
Nilizisikia nyayo zangu mwenyewe kwenye changarawe
nikaogopa.
Nikatazama dirishani.

Taa ilibaki inawaka.