Chungu cha Uvunguni

Mgeni akibisha hodi kwetu, barabara ya kumi na mbili,
mama alikuwa na kazi moja kabla ya kuitikia karibu:
kukisukuma chungu uvunguni kwa mguu,
kisamvu bado kinatokota pumzi zake za mwisho,
mvuke ukipenya kamba za kitanda.
Sisi wanawe tulijua kunyamaza.
Mboga ilikuwa siri, kama deni.

Nyama haikufichwa.
Nyama ililetwa na baba mwenyewe, Mhina wa mishkaki,
saa sita usiku, vidole vinanuka ndimu na moshi,
na vile vipande vilivyoungua pembeni, visivyouzika,
akitugawia kitandani kama peremende.
"Kuleni. Majani ni ya mbuzi."
Naye alikula hivyo miaka thelathini na moja,
wima, bila sahani, akiteremshia kwa soda.
Tumbo la mwanamume ni jiko, alisema,
halichagui kuni.

Damu ya chooni aliificha miezi saba.
(Kuficha tumekurithi, nyumba ile.)
Bombo wakaandika barua, Dar wakamkata utumbo
shibiri na nusu,
akarudi Tanga na mfuko ubavuni
na sauti ndogo, ya kuazima.

Muuguzi Kihiyo hakutupamba kwa maneno.
"Mboga haing'oi kilichokwisha kuota.
Kwa hilo mtafuata tarehe za Dar, msizikose.
Nasema nanyi watoto, ambao tumbo bado zima.
Nyama ipungue, hasa ya kuungua.
Kunde, choroko, mchicha, ugali wa dona,
chungwa mle na nyama zake, msifyonze maji tu mkatupa."
Akaandika. Akagonga mhuri.
Niliisoma karatasi ile nikitembea kushuka Bombo,
nikacheka peke yangu, kisha nikasimama nikalia
karibu na mti wa watu nisiowajua:
kisamvu, kwa kalamu ya hospitali,
kina mhuri wa serikali.

Kaka yangu Semboja akauliza, "Na Bi Mwanatumu je?"
Bi Mwanatumu wa mlango wa tatu,
bada na mchunga maisha yake yote, nyama Idi hadi Idi,
na titi lake likatangulia kabla yake.
Nililipeleka swali kama nilivyopewa.
Muuguzi alikuwa anahesabu vidonge, hakuinua macho.
"Mwavuli haukatazi mvua," alisema. "Kumi na nane, kumi na tisa.
Masika ukitoka, unauacha nyumbani?"

Basi naenda Mgandini alfajiri,
malori ya Lushoto yanapomwaga kabichi na karoti zenye udongo,
ingawa mimi nafuata wamama wa Pongwe wa pembeni:
mchunga fungu tatu, mnavu, matembele.
Mama anatwanga. Nazi moja, si mbili.
Baba anaonja, anakunja uso.
"Chungu!"
"Kipi?" mama anauliza. "Chungu, au kilichomo?"
Ndiyo mara ya kwanza tangu Dar kumsikia akicheka,
na mkono ameubana mfuko usimwumize.

Siwadanganyi. Jiko la mishkaki bado linawaka usiku,
Semboja analipepea, kodi hailipwi kwa matembele.
Amekata vipande vidogo, ameongeza muhogo na pilipili hoho,
vilivyoungua anavitupa. Paka wamenenepa.
Wateja wengine wamehama.

Ijumaa iliyopita, hodi.
Watu wanne, wamekuja kumtazama mgonjwa,
wenye viatu vizuri.
Mguu wa mama ulikwenda wenyewe, kwa mazoea,
ukagusa chungu,
ukabaki hapo.
Tukamtazama sote, hata baba.
"Karibuni," alisema, sauti ikikwaruza kidogo,
akainama, akafunua.