Jezi Thelathini na Saba

Mimi sikuwahi kulipa kiingilio, Evaristo.
Besiboli yako niliisoma kwenye beseni,
Jumatatu alfajiri, maji yakiwa bado baridi,
jezi ishirini na nne za kiwanda cha sukari
zikinuka jasho na moshi wa miwa,
na yako, thelathini na saba, niliitafuta kwanza.

Mwaka ule wa kwanza ilikuja karibu safi:
vumbi kwenye goti la kulia tu la suruali,
pale linapokwaruza kilima unaporusha,
na maganda ya mbegu za maboga mfukoni.
Chinandega nzima watoto walirusha machungwa
wakiinua mguu kama wewe,
na mwenye duka akaacha kuandika deni lako.

Mwaka wa tatu, damu pajani,
ulikojifutia kidole kilichochubuka.
Nikaisugua kwa ndimu na chumvi. Haikutoka yote.
Nikajua kabla ya redio
kwamba mpira umeanza kukukataa.

Kisha ule mwaka.
Jezi ikawa inarudi imekunjwa vilevile nilivyoikunja.
Wiki ya kwanza. Ya pili. Ya tisa.
Nikaifua hivyo hivyo,
isije ikajiona imesahauliwa.
Mlima ukatema majivu juu ya kamba zangu;
nikaifua tena, nikicheka peke yangu:
haya, angalau leo umechafuka.

Watoto walewale wa machungwa wakakuita gunia.
Deni likarudi daftarini.
Watu wa León wakakutumia mjumbe na bahasha;
ukamrudisha na bahasha yake,
nusu ya mji wakasema umerogwa,
nusu wakasema mjinga.
Mimi nilikushonea kifungo cha tatu,
kilichokuwa kinaning'inia tangu Pasaka.

Leo imekuja nzito.
Tope kifuani, tope mgongoni, kwapa limechanika,
bia, au machozi ya mtu, au vyote viwili,
na alama ya kiganja begani, kiganja kikubwa,
cha Mdakaji Wilfredo bila shaka.
Sijui mlishinda au mlizikwa.
Betri za redio zilikufa mchezo ukiwa katikati.
Fataki nilizisikia, lakini hapa kwetu
fataki hulipuliwa hata kwenye matanga.

Mjukuu anasema, bibi, nikaulize?
Kaa hapo.
Maji yametulia. Sabuni ninayo mkononi.
Acha kwanza niisome tena.