Viatu vya Kushukia

Salha wa Birkat al-Mauz alinitolea jozi tatu.
Ya kwanza nyepesi, ya kuonekania sokoni.
Ya pili ikanibana kidole gumba
kama mdai mwenye hati.

"Unakwenda kuwinda?"
"Mbuzi wa mama mkwe. Kapotelea Jabal Akhdar,
leo siku ya nne."

Akaipindua ya tatu, akaikwaruza soli kwa ukucha:
"Kupanda, kiatu chochote hupanda.
Kiulize habari za kushuka."

Nikashuka vidato vya duka kwa kishindo;
vidole havikugonga mbele.
Riali thelathini na tano.
Nikakaza kamba.

Nje akapita Khusaib, katoka jabalini,
kandambili zimeungwa kwa waya,
mbuzi wetu begani
anamtafunia kilemba.