Zamu ya Oikawa

Saa tisa usiku. Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha,
na Oikawa Toyoko anashuka ngazi thelathini na mbili
na chupa yake ya kioo,
kuyapima maji yasiyolala.

Yanatoka tumboni mwa mlima,
mle babake alimoingia na taa kichwani
akatoka na vumbi la njano kwenye kope.
Mlima wa kiberiti:
waliuuza njiti kwa njiti
mpaka likabaki ganda.

Kisha kampuni ikafunga hesabu, ikafunga lango,
ikafuta jina lake kwenye daftari la serikali.
Maji hayakuambiwa.

Yakaendelea kushuka, na chuma, na aseniki,
mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni,
makali kuliko siki.
Mtoni yakaua kwanza wadudu wa chini ya mawe,
kisha samaki wala wadudu,
kisha jina la samaki midomoni mwa watoto.

Ghorofa za wachimbaji bado zimesimama pale ng'ambo.
Mti umeota bafuni, umetoa tawi dirishani.
"Nilizaliwa nyuma ya tawi lile," anasema,
kama mtu anayekuelekeza duka la mkate.

Sasa kuna mtambo. Vijidudu visivyoonekana
hukitafuna chuma kikawa kutu,
chokaa humiminwa, nyeupe kama uji wa mgonjwa,
tope huzama,
na maji huvuka ukingo yakiwa maji.

"Mpaka lini?" aliuliza mgeni mmoja kutoka mjini.
Mhandisi Narumi akakohoa.
"Miaka mia?"
"Anza na mia."

Lugha yangu ina methali:
maji yakimwagika hayazoleki.
Ningempeleka aliyeitunga amwone mama huyu,
miaka sitini na mmoja, goti moja bovu,
anayazoa,
tani kumi na moja kila dakika.

Usiku wa tetemeko umeme ulikatika,
na barabara nayo ikakatika.
Siku mbili alipasua magunia kwa kisu cha jikoni,
akimwaga chokaa kwa mikono, vidole vikichubuka.
Hapendi kuulizwa habari hiyo.
Kisu bado anakatia vitunguu.

Wanasema samaki wamerudi chini ya daraja la tatu,
wadogo, wenye madoa meupe ubavuni.
Hajaenda kuwaona.
"Nikienda, nani atabaki na haya?"

Anaketi, anapuliza vidole, anaandika:
Yakiingia, mbili nukta moja.
Yakitoka, nne nukta tatu.
Theluji. Pampu ya pili inakoroma.

Anapiga mstari kwa rula.
Chini ya mstari anaacha nafasi
kwa atakayekuja saa mbili asubuhi.