Shazia

Mimi ni mshona magunia, soko la Kibaigwa.
Shazia yangu ilikuwa spoku ya baiskeli,
nimeinoa mpaka imekonda kama mbuzi wa Oktoba.
Nikisema nilimjua Hezroni Chidosa
sijisifu. Nilishona midomo ya magunia yake
kabla hajapata mtu wa kumfungulia mlango.

Alikuja mwaka wa njaa, ana kaptura moja,
bega limechubuka kwa lumbesa.
Akabeba. Akaacha kubeba, akapima.
Hapo ndipo, pale kwenye mzani:
kijiwe cha mtoni, kimeviringwa kitambaa,
kimefichwa upande wa mawe ya kupimia
kama yai chini ya kuku.
Mkulima wa Hogoro analeta kumi, analipwa tisa.
Hakuna aliyekiona.
Wote tulijua kina uzito gani.

Kwa kijiwe hicho akajenga.
Mashine ya kukoboa, kisha udiwani,
kisha geti la ushuru: bomba la chuma,
jekundu, jeupe, jekundu,
na vijana wanane wenye virungu.
Kilichopita, kililipa.
Kilichobisha, kililala porini.

Lakini sitamsingizia kwa kuwa amekufa.
Mama yangu alipasuliwa jicho Mvumi kwa hela yake.
Siku bandeji ilipotoka aliomba kumwona yeye kwanza,
akamtazama, akamtazama, akasema, "Kumbe mfupi."
Chidosa alicheka mpaka akakaa chini.
Mahindi ya msaada yaligawiwa uani kwake,
debe kwa debe, ukipokea unataja jina lake.
Nilitaja. Nilitaja mara mbili, nikapewa na la jirani.

Mwalimu Lameki Nhonya hakutaja.
Jumanne alikuja sokoni na jiwe la kilo ishirini
lenye muhuri wa Serikali, kalikumbatia kama mtoto.
Akaliweka juu ya sahani mbele ya watu.
Mzani ukasema kumi na nane.

Alhamisi baiskeli yake ilionekana
kwenye mchanga wa Kinyasungwe, mto ambao mwezi wa tisa
hauna maji ya kumlowesha kuku.
Wakaandika: amezama.

Usiku wa Jumatano niliitwa. Taa ya chemli, ghala la nyuma.
Gunia halikukaa sawa,
lilikuwa na pembe zisizo za nafaka.
"Shona," akasema Masinga, mkubwa wa wale vijana.
Nilishona.
Mishono kumi na minne, kamba ya katani.
Tangu hapo nahesabu kila kitu.

Uchaguzi ulipokaribia Chidosa akautaka ubunge,
na Masinga akautaka udiwani atakaouacha.
Akampa mpwa wake.
Ndivyo tu. Waliotoka mjini walikuja kuuliza siasa kubwa,
wakitafuta mkono wa mbali.
Kilikuwa kiti kimoja, cha plastiki,
na mtu aliyechoka kusimama nyuma yake.

Saa tano usiku gari lilifika getini.
Bomba halikunyanyuka.
Akapiga honi, kisha honi ndefu,
honi ya mtu anayejua jina la aliyelala.
Risasi saba. Halafu shoka,
maana hata akiwa amelala pale walimwogopa.
Nyuma ya gari magunia mawili yalitoboka,
mahindi yakamwagika lami.
Asubuhi mbuzi ndio waliotangulia kufika.

Redio ikasema: watu wasiojulikana.
Sisi tuliwajua mpaka namba za viatu.

Msibani tulikula wali wa Bahi na ng'ombe wanne.
Mchungaji alipita mbali na somo lolote la mizani.
Wakanijia: sanda imechanika, fundi cherehani amekimbia,
wewe si una sindano?
Nilikwenda. Mishono kumi na miwili, uzi ukaisha.
Sikuomba mwingine.

Masinga ndiye diwani. Bomba limepakwa rangi upya.
Leo binti wa Mwalimu amekuja kununua pumba,
ameiokota shazia yangu juu ya turubai,
ameijaribu ncha kwenye kidole gumba,
anauliza nani alinichongea, na inauzwaje.
Sijamjibu.
Yupo hapa mbele yangu, bado ameishika.