Sahani Namba 318

Kutaisi, saa kumi na moja alfajiri.
Theluji imeegemea dirisha la maabara
kama jirani anayechungulia.
Natoa sahani kwenye kabati la joto:
mkojo wa Gocha, muoka mikate wa barabara ya reli,
aliyeletwa juzi akitetemeka, mkono kiunoni,
akiitukana figo yake kama mdeni.

Juu ya jeli ya rangi ya asali
nilipanga jana visahani sita vya karatasi,
kila kimoja kimelowa dawa yake.
Kinachoua huacha uwanda mtupu kukizunguka.
Kisichoua, ukoga humwotea hadi mlangoni.

Amoksilini humvizia fundi.
Bakteria anapojenga ukuta, humshika mkono
uliotaka kuunga tofali na tofali;
ukuta unapanda bila udongo,
maji yanaingia, nyumba inapasuka na mwenyewe ndani.
Sisi watu hatuna ukuta huo, ndiyo bahati yetu.
Lakini kikohozi cha Lasha, mwezi uliopita,
kiliicheka: mdudu wake hajajenga ukuta tangu azaliwe.
Huyo tulimwendea jikoni, kwa doksisiklini,
inayokaa kizingitini viungo visiingie,
chungu kikapoa, njaa ikamaliza kazi.

Gentamisini nayo haizuii mapishi.
Hubadili maandishi: "chumvi" ikasomeka "chuma",
mpishi akapika alichosoma,
akala alichopika.
(Ila uliza figo kwanza. Na masikio.)

Kotrimoksazoli Gocha angeielewa upesi:
ni chokaa iliyojifanya unga.
Bakteria anakanda, anakanda,
mkate hauumuki.

Siprofloksasini husubiri uzi,
ule mrefu wenye siri zote za ukoo.
Bakteria akiukata ili aukunjue,
dawa hubana papo hapo,
umekatwa, haujaungwa,
na uzi uliokatika haurithishi mtu.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.
Kwenye sahani ya Gocha siprofloksasini
imelala katikati ya ukoga kama jiwe kwenye majani.
Sishangai. Aliinunua dukani kwa Tsiuri kila alipopata mafua,
vidonge vitatu, vinne, akijisikia nafuu basi,
vilivyobaki akavitia kwenye kopo la hamira.
Mafua, Gocha!
Kirusi hana ukuta, hana jiko,
ni mgeni anayepikia sufuria za mwenyeji.
Vidonge vyako vilimpita, vikashuka tumboni
vikaua wanyonge waliokuwa wametulia.
Sugu wakabaki. Sugu wakazaa.
Wakafundishana.

Nashika rula.
Amoksilini: hakuna kitu.
Doksisiklini: hakuna.
Kotrimoksazoli: hakuna.
Gentamisini, milimita tisa, haitoshi hata kwa kujifariji.
Naandika "sugu", naandika "sugu", kalamu inaanza kukwama.

Kisha meropenemu: duara pana, safi, kama mwezi.
Ni ndugu wa amoksilini, naye humvizia fundi,
ila kisu cha bakteria bado hakijamkata.
Bado. Tunamfungia kabatini,
ufunguo anao Daktari Mzevinar peke yake.

Nampigia.
"Ipo moja," nasema.
"Moja tu?"
"Moja."
Nasikia kijiko kikigonga kikombe, mara mbili, kikanyamaza.
"Basi siku zake atazimaliza zote," anasema,
"hata akipona kesho, hata akinilaani."

Nafunika sahani. Naosha mikono mpaka viwiko.
Mkobani nina nusu ya mkate wa Gocha,
mgumu tayari, nautafuna hivyo hivyo
nikikumbuka droo ya mama, chini ya vitambaa,
vidonge vitano vya mwaka juzi
alivyoniwekea mimi, mtaalamu,
kwa siku nitakayokohoa.
Nikitoka zamu nitapita kwake.