Hojaji ya Salgaa

Alikuja na kibao cha kuandikia, Kemunto wa wizarani,
fulana yake ya kung'aa bado ina mikunjo ya dukani.
Aliomba dakika kumi.
Nikaondoa blanketi na sufuria ya jana,
nikampa kiti cha utingo.

Lori hili lina umri gani?
Lilinunuliwa mwaka aliozaliwa binti yangu.
Binti sasa anafundisha hesabu Kimilili.
Lori bado linarudia darasa.

Unapeleka nini?
Saruji. Vigae. Mbolea ikifika kwa wakati.
Mpaka Malaba, mara nyingine Jinja.

Unarudi na nini?

Nilinyamaza kidogo.
Nje, mchoma mahindi alikuwa akipepea jiko kwa kifuniko cha ndoo.
Andika upepo, nikamwambia.
Tani ishirini na sita za upepo kutoka Malaba,
umefunikwa turubai, umekazwa kamba,
haudai risiti na haulipiwi.
Pale Webuye magunia ya mahindi yanalala kando ya lami
yakingoja gari,
nami napita, trela likirukaruka
kama debe kwenye mkokoteni.
Hatujuani, mimi na magunia yale.
Hakuna aliyewahi kututambulisha.

Akatia tiki penye TUPU.
Neno dogo mno kwa dizeli yote ile.

Akasoma tena, sauti ya mtihani:
Serikali inakusudia uchukuzi usiokula mafuta,
usiochafua hewa.
Je, madereva mna mbinu zozote za kubana matumizi?

Nilicheka, na kicheko chenyewe hakikunikaa.
Mbinu! Tazama kule juu, Sachang'wan,
barabara inapoanza kuinama.
Tajiri anatupimia dizeli kwa kijiko,
basi tukifika pale tunatoa gia,
injini inasinzia, lori linajiendea,
na lita tulizookoa tunaziuza hapa hapa, kwa dumu,
zikawa unga, zikawa karo.
Chelelgo alijua kubana kuliko sisi sote.
Siku ile alibeba sukari.
Breki zikatoa moshi, gia ikakataa kurudi,
na sukari ikamwagika mpaka mtaroni.
Nyuki walifika kabla ya polisi.
Andika hilo kwenye matumizi bora.
Lita nne. Alikuwa ameokoa lita nne.

Kalamu ikasimama.
"Hapa hakuna kisanduku," akasema.

Geuza karatasi. Upande wa pili ni mweupe.

Akageuza.
Andika tulipwe safari nzima, kwenda na kurudi,
tusiwe wezi wa mafuta tunayoyachoma.
Andika simu moja tu, ya kutujulisha na magunia.
Andika mahali pa kulala, penye taa na choo,
kabla ya mteremko, si baada yake.
Na mizani isimpime dereva mfuko.
Miti pia iandike, mipango yenu haikosi miti,
lakini usianze nayo.

Mwandiko wake ulikuwa mdogo, ukazidi kuwa mdogo
kadiri nafasi ilivyokwisha.
Kisha akashuka kwa kutanguliza kisogo,
akitafuta kidaraja kwa ncha ya kiatu.
Mahindi nilimnunulia mimi. Alikataa, kisha akala.

Karatasi ile sijui ilipanda ghorofa ya ngapi.
Sijui kama kuna aliyeigeuza.
Ninachojua ni kwamba mwezi wa tatu, nikiwa Malaba,
simu ilitetema, namba ngeni:
Wepukhulu, una nafasi? Magunia mia mbili,
Webuye hadi Nakuru, ushirika unalipa.
Pengine ni yeye. Pengine ni bahati, ambayo haina wizara.

Niliteremka Sachang'wan kwa gia ya tatu,
mzito, polepole,
injini ikinung'unika njia nzima kama mzazi.
Wenye haraka wakanipigia honi.
Pale penye nyuki
nilizima redio.